Siku Niliyowaletea Mashabiki Ngurumo Asiye Ngurumo

Aibu zangu ni nyingi na nyingine nimezisahau, lakini hii siwezi kuisahau hata nikitaka, kwa sababu ilitokea mbele ya ukumbi mzima wa watu walioshika simu mkononi, na mpaka leo nikipita kwa muuza mboga hapa Dandora lazima kijana mmoja aniite, "Fundi, maze, umempata mwingine?" Basi afadhali niwaeleze mimi mwenyewe kuliko muisikie kwa wale wanaoongeza chumvi (eti nilimlazimisha shosho, bibi mzee wa watu, kuimba, si kweli, nilimlazimisha kukaa tu).

Mimi ni fundi wa redio na spika, nina miaka hamsini na sita, na kwa nyinyi ambao hamkuwepo, zamani huku kwetu kulikuwa na mwimbaji aliyeitwa Tabitha Ngurumo. Ngurumo halikuwa jina la baba yake. Alipewa na mashabiki kwa sababu ya ile sauti, ambayo ilianzia chini kabisa kama lori la taka likipanda mlima kwa gia ya kwanza, halafu bila kukuonya ikapasuka, ukasikia kitu kimekushika hapa kifuani. Gitaa la umeme lililia bluzi nyuma yake, ngoma zikapiga roki, na maneno yalikuwa Kiswahili chetu cha huku, cha watu wa viwandani na mifereji isiyo na maji. Alikuwa na wimbo uitwao "Kiatu Kimoja", wa mwanamke aliyekimbilia kazini wakati wa mvua, kiatu kikabaki matopeni, akashinda kutwa na kimoja. Akifika katikati ya wimbo huo alikuwa ananyamaza. Bendi nayo kimya. Watu wanangoja, wanangoja, mpaka mtu aliyeshindwa kuvumilia apige kelele "Ngurumo!" ndipo aungurume, na ukumbi unakuwa hauna mtu aliyeketi.

Mimi nilimwona mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimesimama nje ya ukumbi juu ya jiwe, nachungulia kwenye dirisha lililovunjika pamoja na watoto wengine, na yeye akatuona, akakatiza wimbo, akamwambia mlinzi, "Fungua huo mlango. Siwezi kuimbia kuta na wenye masikio wako nje." Tukaingia. Nikaketi chini ya spika, mbavu zikitetemeka, na nikikuambia kwamba hiyo ndiyo sababu niko kwenye hii kazi, usicheke.

Halafu akapotea. Wengine walisema ameokoka na kuchoma kanda zake, wengine wakasema amevuka mpaka akaolewa, wengine walishamzika kwa midomo. Kilichobaki ni sisi, kikundi kwenye simu kinachoitwa Masikio ya Ngurumo, ambapo kila Jumapili mtu anaandika anachokumbuka. Mzee mmoja aliandika kwamba alimchumbia mkewe katikati ya kile kimya cha "Kiatu Kimoja", na bibi huyo alikubali haraka haraka ili wasimkatize Ngurumo. Mwenyekiti wetu, Mama Halima, ambaye anauza vitambaa kwa jumla na si mtu wa kuchezewa, aliandika kwamba utotoni hakuruhusiwa kukaribia ukumbi, kwa hivyo alikuwa anapanda juu ya paa la binamu yake na kusikiliza akiwa amelala kifudifudi juu ya mabati, na mabati yenyewe bado ya moto. Tulikuwa tukisomana hivyo miaka yote, na kila mara mtu anamaliza kwa kuuliza, "Lakini yuko wapi?"

Sasa. Siku moja jamaa anayefanya biashara ya mbuzi kule Kiamaiko aliniachia redio ndogo ya betri iliyokataa kuongea. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema, "Ni ya Mama Ngurumo, jirani yangu. Atakuja kuichukua mwenyewe."

Mikono yangu ilisimama. Nilimuuliza huyo mama ni wa umri gani, akasema ni mzee. Nilimuuliza ana sauti gani, akanitazama vibaya, akasema, "Inakwaruza. Kwani?" Nikamwambia hakuna kitu.

Alikuja Alhamisi, shosho mrefu, mwembamba, leso kichwani, mwavuli ameufanya mkongojo. Mimi nilikuwa nimeshajipanga. Nilikuwa nimeweka kanda yangu ya zamani, na alipokanyaga tu mlangoni, "Kiatu Kimoja" kikawa kinaimba. Akasimama. Kichwa kikaanza kwenda taratibu, huku na huku. Akasema, "Weee. Wimbo huu! Siku zile!" na sauti yake, wallahi, ilitoka kama mchanga kwenye sufuria. Ngurumo alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu. Huyu hakuwa na meno ya juu ya mbele hata moja, nami nikajiambia mwanya umekua (hivyo ndivyo mtu anavyofikiri akishaamua).

Haya ndiyo mazungumzo yetu, na nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

"Wewe ndiye Mama Ngurumo?"

"Ndiye mimi, mwanangu. Redio imepona?"

"Imepona. Mama, watu wako bado wanakukumbuka."

"Watu wangu gani?"

"Wale wa zamani. Wa enzi zile."

Akafikiri. "Wale wa getini?"

Mimi nilijua geti gani. Geti la ukumbi, ambapo watu walikuwa wakisukumana mpaka vifungo vinakatika. "Hao hao, mama."

Akaketi kwenye stuli yangu bila kukaribishwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo zito. "Bado wako hai?"

"Wengi wapo. Wanasema hakuna mtu aliyewapa kama ulivyowapa wewe."

"Nilijaribu, mwanangu. Kila siku, hata kwenye mvua. Halafu kifua kikakataa. Moshi, unajua."

(Moshi! Nani hajui kumbi zile zilivyojaa moshi wa sigara?)

"Wanataka kukuona, mama. Tutafanya sherehe ukumbini, Jumapili ya wiki ijayo."

Akaipapasa redio yake kwa kiganja. Kisha akauliza, "Nije na nini?"

"Njoo ulivyo."

Pale ndipo nilipopaswa kumuuliza swali moja la maneno matatu: "Mama, ulikuwa ukiimba?" Sikuuliza. Niliona ni utovu wa adabu kumuuliza mtu kama yeye ni yeye, ni kama kumwomba chifu kitambulisho, na tena, niseme ukweli, niliogopa jibu. Alipoondoka tu nilichukua simu nikaandika kwa kikundi neno moja kwa herufi kubwa: NIMEMPATA.

Mke wangu alinisikia nikicheka peke yangu, akaniuliza, nikamweleza. Akasema, "Ulimuuliza kama ni yeye?"

Nikasema, "Mtu mkubwa haulizwi kama ni mkubwa."

Akasema, "Haya." (Mnaijua hiyo haya ya mke. Nilipaswa kuisikiliza.)

Simu yangu haikulala tangu hapo. Watu walilia kwa sauti kwenye jumbe. Mama Halima alikodi ukumbi siku hiyo hiyo, ule ule wa dirisha langu, akaagiza pilau, akatengenezesha bango lenye picha ya Ngurumo ya ujana na maneno KARIBU NYUMBANI. Kituo kimoja cha redio cha mtaani kikaahidi kumtuma mtangazaji. Na aliyenitia hofu kidogo ni Mzee Omolo, mpiga gitaa wake wa zamani, ambaye alikuwa amerudi kwao Magharibi na hakuwa ameongea kwenye kikundi hata siku moja, mtu wa kusoma tu, yeye alituma ujumbe mfupi: "Nakuja. Msianze wimbo bila mimi." Watu wakaomba picha ya Ngurumo wa sasa, nami nikawajibu kwamba amekataa kupigwa picha mpaka siku yenyewe. Hakuwa amekataa. Sikuwa nimemwomba.

Jumapili mchana nilienda kumchukua Kiamaiko kwa gari la Mama Halima, dereva wake akiendesha. Nilimkuta amesimama mlangoni tayari, gauni la samawati limepigwa pasi mpaka limekuwa na makali, viatu vyeupe vya kitambaa, na ndoo nyeupe yenye kifuniko. Nikamwambia nimsaidie kuibeba, akakataa, akaipakata njia nzima. Gari lote lilinuka iliki. Mimi nikafikiri, angalia unyenyekevu wa mtu huyu, nyota kama hii inakuja na vitafunio.

Tulipofungua mlango wa ukumbi watu walisimama wote kwa mara moja, vigelegele, makofi, vilio. Yeye akakwama kizingitini, akanishika mkono.

"Wote hawa?"

"Wote, mama."

"Sikujua walikuwa wengi hivi," akasema, na macho yake yakajaa, akaanza kuwapitia watu sura moja moja, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta nguo yake kwenye kamba ya ploti wanayoanikia wapangaji wote. Niliona anatafuta. Sikujiuliza anatafuta nani.

Tukamketisha jukwaani, chini ya bango. (Bango alilitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu msichana ni nani?" nami nikacheka, nikamwambia, "Mama na utani!") Mtangazaji, msichana mchangamfu, akamwekea kipaza sauti mdomoni, na matangazo yalikuwa yanaenda moja kwa moja.

"Mama, tuambie, ulianzaje?"

"Nilianza na jiko moja," akasema. "Pale getini, asubuhi, kabla watu hawajaingia."

"Jiko moja!" mtangazaji akatuambia, mkono kifuani. Watu wakaguna kwa heshima.

"Na siri yako ilikuwa nini? Mbona watu hawakukusahau?"

Akafikiri vizuri, maana ni mtu wa kujibu alichoulizwa. "Moto usiwe mwingi. Ukiwa mwingi, nje inaiva haraka, ndani bado ni mbichi. Watu wataona ni nzuri, lakini wakiuma watajua."

Ukumbi ulilipuka. Mtu nyuma yangu akasema, "Hiyo ni hekima, ndugu yangu, waambie wanamuziki wa siku hizi!" Wengine walikuwa wanaandika.

Mimi sikuwa naandika. Mimi nilikuwa naangalia ile ndoo. Iliki, jiko, geti, moshi, asubuhi, nje na ndani. Vitu vilianza kupangika kichwani mwangu kimoja baada ya kingine bila kuniomba ruhusa. Nataka mjue kwamba nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Ningeweza kupanda pale, nikamwita Mama Halima pembeni, mambo yakaishia kwa watu wawili watatu. Badala yake nilipiga makofi. Nilipiga makofi kuliko wote.

Kisha mashabiki wakapanga foleni kusimulia. Wa kwanza alikuwa mwanamume mnene aliyestaafu ufundi wa mabasi, akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Mama, nilipofiwa na mamangu, ni wewe uliyenishika nisianguke. Nilikuwa nakuja kila jioni."

"Asubuhi," Mama Ngurumo akamsahihisha. "Jioni sikuwa nafanya." Halafu akamshika mkono. "Pole kwa mama yako. Ulikuwa unakula vizuri lakini?"

Yule mzee alilia kama mtoto. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Mama Halima naye akaja, mwenyekiti mzima, buibui linang'aa. "Mimi nilikuwa nakusikia kutoka juu ya paa, mama. Sijawahi kukuona. Nilikuwa nakusikia tu."

"Kumbe nilikuwa napiga kelele hivyo?" shosho akashangaa kwa dhati, na watu wakacheka mpaka wakaegemeana. Walimpenda, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Walimpenda kwa kila neno, na kila neno lilikuwa kweli, ila halikuwa la mtu waliyemfikiria.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Mzee Omolo akaingia na gitaa mgongoni. Basi lake lilikuwa limeharibika njiani, vumbi la safari liko mpaka kwenye nyusi. Watu wakampisha katikati, wengine wakaanza kuimba jina lake. Alitembea taratibu, mtu mwembamba wa suti ya zamani, na alipofika jukwaani akavua kofia, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena. Akamtazama. Akainama kidogo, akamtazama tena.

"Habari yako, mama."

"Nzuri, baba. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Omolo."

"Samahani, sikukumbuki kwa jina. Ulikuwa unakunywa nini?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, maana Omolo enzi zake alisifika kwa gitaa na kwa hayo mambo mengine pia. Yeye hakucheka. Alisimama pale, kofia kifuani, kisha akamgeukia Mama Halima na kusema kwa upole sana, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, "Huyu si Tabitha."

Sitawaeleza kile kimya. Mtangazaji alisahau kuzima, kwa hivyo na waliokuwa nyumbani walikisikia.

"Nani alimleta?" mtu akauliza, ingawa walijua, na vichwa vikageuka kimoja kimoja kunitafuta. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya spika, najifanya natengeneza waya ambao haukuwa na shida.

"Fundi!" Mama Halima akaita. "Njoo hapa juu."

Nikapanda. Safari ya ngazi tatu tu, lakini nilizihesabu.

"Ulimuuliza kama ni yeye?"

"Nilimuuliza kama ni Mama Ngurumo," nikasema. "Akakubali."

"Na ndiye mimi," shosho akasema, sasa amesimama. "Ngurumo ni kijana wangu wa kwanza. Alizaliwa siku radi inapasua mabati. Mimi jina langu ni Rosa Nasimiyu." Akatuangalia wote wawili. "Kwani mlikuwa mnamtafuta nani?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wawili, halafu ukumbi mzima, na simu zote zikainuka kunielekea mimi, nimesimama chini ya KARIBU NYUMBANI na mdomo wazi (picha hiyo mmeiona, najua mmeiona). Kicheko hicho ningekivumilia. Nilistahili. Lakini Rosa alisogea kwenye kipaza sauti, akauliza kama mtu anayetaka tu kuelewa, "Kwa hivyo hawa si watu wangu?"

Kicheko kikafa.

"Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi kwenye geti la kiwanda cha nguo," akasema. "Miaka mingi, mpaka moshi ukaniharibu kifua. Huyu kijana aliniambia watu wangu wananikumbuka, wanataka kuniona. Nimeamka alfajiri nikakaanga."

Bibi mmoja mwenye huruma, wa viti vya mbele, akainua mkono, akasema, "Mimi nakukumbuka, mama. Mandazi yako yalikuwa matamu."

Rosa akamgeukia na uso wake ukafunguka wote. "Nilikuwa nakuitaje?"

Yule bibi akatabasamu, akafungua mdomo, akaufunga, akaangalia mkoba wake.

"Si kitu, mama," Rosa akamwambia. "Keti tu. Asante."

Mzee Omolo ndiye aliyetuokoa, kama hilo ni neno. Alivuta kiti, akafungua gitaa lake, akasema amelibeba kutoka mbali na hawezi kurudi nalo halijasema kitu. Akapiga "Kiatu Kimoja". Tukajaribu kuimba. Hakuna aliyefika kule chini Tabitha alikokuwa akianzia, tulikwaruza kwaruza tu kama kwaya ya wagonjwa, na ilipofika mahali pa kunyamaza Omolo akanyamaza, na hakuna aliyeita jina, kwa hivyo akaendelea mwenyewe. Rosa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua ndoo, akapita na kumgawia kila mtu, mstari kwa mstari. Watu wakala mandazi wakiwa wameinamisha vichwa kama wako kwenye ibada. Yalikuwa yameiva mpaka ndani.

Nilimfuata Omolo akifunga gitaa, nikamwambia, "Mzee, nisamehe."

Akasema bila hasira, "Nilipanda basi jana. Njia nzima nilikuwa nafikiria nitamwambia nini."

"Na ulikuwa umepata?"

"Nilikuwa nimepata." Akafunga kamba ya gitaa, akavaa kofia, akaenda kula pilau.

Nilimrudisha Rosa kwa gari lile lile. Kufikia hapo nilikuwa tayari nimetolewa kwenye kikundi. Nilisikia simu inalia, nikaangalia, Mama Halima alikuwa amenitoa akiwa bado ukumbini. Mwishowe nikasema, "Mama, nisamehe."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Sasa je, huoni?"

Dereva wa Mama Halima akajikohoza.

Tulipokaribia kwake akaniuliza, "Wewe unajua kutafuta watu?"

"Hapana, mama. Tena nimeapa, sitamtafuta mtu maishani."

"Umeapa lini?"

"Sasa hivi. Hapa garini."

"Basi utaapa kesho," akasema. "Leo andika. Mimi niliambiwa watu wangu wananikumbuka, na nililala na hilo neno zaidi ya wiki. Sasa nataka kujua kama ni kweli."

Nikatoa kalamu, nikageuza karatasi ya ratiba ya sherehe. Safari hii nikauliza. Nikauliza majina kamili, ya baba, ya nyumbani kwao. Akasema hajui hata moja. "Walikuwa wanakimbilia kengele, mwanangu. Majina yangetoka wapi? Nilikuwa nawaita kwa chai yao. Andika: Strungi, yule asiyetaka maziwa. Andika: Maziwa Kwanza. Andika: Sukari Nne, huyo ni msichana wa mashine ya vifungo, tulipendana sana."

Hiyo ndiyo karatasi niliyokuwa nayo. Sitawachosha na nilikopita nayo, kwa wazee waliowahi kufanya kazi viwandani, Jumapili baada ya Jumapili, nikiuliza watu wazima walikuwa wakiweka sukari ngapi zamani. Wengine walinifukuza. Wengine walikuwa wameona video, wakawaita wake zao waje wanione. Strungi sijampata, Maziwa Kwanza naambiwa amefariki. Lakini kule Mathare nilimpata bibi mmoja aliyewahi kushona vifungo, na kabla sijamwamini nilimuuliza maswali mpaka akakasirika: geti lipi, jiko lilikuwa upande gani, vikombe vilikuwa rangi gani, mama alikuwa akimimina kwa mkono upi. "Wewe ni polisi?" akaniuliza. Kisha akasema, "Wa kushoto," na huo ndio mkono Rosa aliogawia mandazi ukumbini.

Nilimpeleka Kiamaiko Jumamosi asubuhi. Rosa alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, akainua kichwa, akamtazama muda, na sikusema neno, maana nilikuwa nimejifunza kunyamaza mahali pake.

"Sukari Nne," akasema.

"Siku hizi hata moja hakuna, dada," yule mwingine akajibu. "Daktari amekataa." Wakaanza kucheka, wakashikana mikono, wakacheka tena, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye kibao, kwa sababu chumba ni kidogo na mazungumzo hayakuwa yangu.

Tabitha Ngurumo mwenyewe hatujampata. Mama Halima amenirudisha kwenye kikundi kwa sharti kwamba nisome tu, nisiandike, na hata nikisikia kesho kwamba mwanamke mwenye mwanya anaimba dirishani kwangu, nimeapa sitaandika neno mpaka anionyeshe kitambulisho. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi ningeongeza kidogo tu: aibu ya kuuliza huisha pale pale, ya kutouliza ina video.